Unesi Ambao Mbula Hakusoma

Kwata ndai! Nakwata: ndivyo tunavyotegeana vitendawili Ukambani. Wagonjwa ninao tele, kidonge sina hata kimoja: mimi ni nani? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Ni Mbula, binti ya Nzuki na Wayua, wa pale chini ambako barabara ya kutoka Kikima inashuka milima na kuingia kwenye joto la maembe. Kila mara chuo kikuu kikifungwa na Mbula akirudi nyumbani, wagonjwa walimfuata kama kuku wanavyofuata anayepeta mahindi.

Desemba hiyo wa kwanza alikuwa mzee Nyamai, jirani yao. Alifika kabla ya chai, akajivutia kigoda, akakunja suruali mpaka gotini.

"Mwaitu, mama yangu, hebu angalia hii kitu. Ni sukari ama nimerogwa?"

Mbula aliangalia. Kilikuwa kidonda kipana chenye ukingo mweusi. Akamgeukia baba yake. Nzuki alikuwa kando anakaza waya kwenye kreti la maembe, na ule waya ulikuwa umeshakazika zamani, lakini hakuinua kichwa.

"Nau, baba, enda dispensari," Mbula alimwambia mzee. "Leo. Usingoje kesho."

"Dispensari nikafanye nini na wewe uko hapa? Sisi tulichanga ya nini?"

Mbula akachemsha maji ya chumvi, akakiosha kile kidonda polepole, akakifunga kwa kitambaa safi, akarudia mara mbili habari ya dispensari. Mzee Nyamai alifurahi sana. Aliacha mayai manne kwenye meza. Wayua aliyatazama yale mayai mpaka jioni, asiweze kuyapika.

Kwa sababu Mbula hakuwa anasoma unesi. Alikuwa anasoma Kiarabu, lugha yenyewe na utamaduni wa wenyewe, na mwaka wa tatu alikuwa ameumaliza vizuri. Lakini wakati ule alipoitwa chuo, Pasta Mutiso alikuwa ameshasema madhabahuni, juu ya mtoto wa mtu mwingine, kwamba kanisa haliwezi kuchanga pesa ili mtoto wa Kristo akajifunze maneno ya msikitini. Nzuki ni mzee wa kanisa, anayekaa kiti cha mbele. Alisimama mbele ya watu akasema binti yake ameitwa kusomea unesi. Kanisa zima likapiga makofi. Wakachanga. Tangu siku hiyo Mbula akapewa amri ya kuwa nesi kila likizo.

Sasa ulibaki mwaka mmoja. Kwenda kwa kanisa tena hakukuwezekana, hata Nzuki aliogopa kuongeza uongo juu ya uongo. Karo yote ya Januari ilikuwa inaning'inia pale mitini. Maembe yakiuzwa vizuri, Mbula anarudi kumaliza. Yakiuzwa vibaya, anakaa nyumbani kufunga vidonda vya watu.

*

Mnunuzi alikuja Alhamisi. Kabla yake alikuja broka Kyule, dalali wa maembe, ambaye aliendesha gari Saudia miaka minane na akarudi na neno moja la kuwatukania watu wote: habibi, yaani mpenzi wangu.

"Habibi, tengenezeni sura," aliwaambia wakulima waliokusanyika kwa Nzuki, maana shamba la Nzuki ndilo lililo karibu na barabara. "Leo nimewaletea mwenyewe. Si makaratasi, si simu. Mwenye pesa."

Mgeni alishuka garini. Alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, kanzu yake imeshika vumbi jekundu chini, anatembea na mkongojo. Jina lake Abu Rashid. Wayua, mwenye boma, alinawa mikono, akaifuta kwa leso, akaenda mbele ya wote akanyoosha mkono.

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Akaweka kiganja kifuani pake, akainamisha macho.

Mkono wa Wayua ulibaki hewani. Mkono huo ndio uliopanda kila mwembe wa boma lile na kuumwagilia kwa mtungi. Alikaa nao pale juu, watu wote wakiuona, mpaka akaushusha na kuufuta tena kwenye leso, sijui akifuta nini.

Kyule alicheka. "Hawa watu wanaona sisi wachafu. Msitie moyoni. Biashara si ndoa."

"Iii!" wanawake waliguna. "Maembe tuliyoshika yeye atakula, lakini mkono hapana!"

Kuanzia hapo hakuna aliyemtazama tena yule mzee usoni. Walimtazama Kyule. Mzee alichuma embe, akalinusa, akalikata kwa kisu chake, akala amesimama, maji yakimtiririka kwenye ndevu. Kisha akasema maneno mengi, akionyesha miti, akionyesha watu. Kyule akaitikia kwa kichwa, halafu akawageukia.

"Anasema maembe ina funza. Nzi wa matunda wamewamaliza. Atatoa shilingi sita kwa moja. Kuchuma ni juu yenu na kreti ni juu yenu."

"Sita!" alisema mzee Nyamai. "Lakini mimi nimesikia kama ishirini hapo. Si amesema ishirini?"

"Ishirini ni kreti anazotaka kutoka kwako, mzee. Ama uko na digrii ya Kiarabu?"

Watu wakacheka. Walicheka kwa uchungu, lakini walicheka. Mbula alifungua mdomo. Baba yake alikuwa amesimama karibu naye. Akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubana mpaka kucha zikaingia.

"Nyamaza," Nzuki alinong'ona. "Nakuomba. Nyamaza."

*

Jikoni, sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ikitokota, Wayua ndiye aliyeanza.

"Alisema nini?"

"Mama Mbula, wacha hiyo maneno," Nzuki alisema.

"Sijauliza wewe. Nimeuliza mtu ambaye nimelala njaa asome. Alisema nini?"

Mbula alikuwa analia, na alikuwa na hasira ya kulia. "Alisema hajawahi kula embe tamu kama hii. Alisema bei aliyokubaliana na Kyule ni ishirini na tano, ikiwa bado mtini. Wachumaji analipa yeye. Kreti ni zake, ziko kwa lori. Akauliza, mbona watu hawa wana huzuni, kwani ishirini na tano haitoshi? Kyule akamwambia inatosha, ila hapa watu hawapendi Waislamu."

Kijiko cha Wayua kilisimama ndani ya sufuria.

"Ishirini na tano. Na sisi tumesema ndio kwa sita."

"Hatujasema ndio," Nzuki alisema. "Tumesema tutapima kesho."

"Basi kesho utasema?"

"Nitasema nimejuaje? Ee? Nani ameniambia? Nesi?" Nzuki aliketi juu ya gunia la mahindi. Alikuwa mtu mkubwa. Jua lilikuwa bado, tena linawaka. Hata hivyo uso wake ulikuwa umeingia giza. "Pasta mwenyewe analeta maembe yake hapo kesho. Kanisa lote litakuwa hapo. Nikisema mtoto amesikia Kiarabu, wataniuliza alisikilizia wapi. Mimi ndiye naombea watoto wao. Mimi ndiye nashika sadaka."

"Kwa hivyo uachie Kyule elfu za watu, ili kiti chako kibaki mbele."

"Nilidanganya kwa ajili yake!"

"Ulidanganya kwa ajili ya makofi," Wayua alisema.

Mbula akafuta uso kwa kiganja. "Nau, mbona unaona haya? Kwani ninasoma wizi? Darasa letu lina Wakristo wengi kuliko unavyofikiria. Aliyetutangulia yuko uwanja wa ndege, mwingine anafanya kazi na ubalozi, mwingine anatafsiri kwa mahakama. Na wewe mwenyewe kila Jumapili unasema salamu, unasema baraka, unasema sadaka, unafikiri zilitoka Mbooni? Kila mwaka wasichana wa Kitui na Makueni wanapandishwa ndege kwenda kufua nguo Uarabuni, na hawajui kusema hata nimechoka, nipe maji, nataka kwenda kwetu. Hao mnawaombea uwanja wa ndege kwa nyimbo. Mimi ambaye naweza kuongea, mimi ndiye aibu."

Nzuki aliinuka. Alitoka nje, akaenda kusimama kati ya miembe yake. Wayua aligawa muthokoi sahani mbili. Ya tatu hakuigusa, aliyetaka angejipakulia.

"Na huo mkono?" aliuliza baadaye, bila kuinua macho. "Kyule alisema kweli? Alituona wachafu?"

Mbula akamweleza. Wayua alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sahani chini.

"Ati nini? Rudia."

Mbula akarudia.

"Mungu wangu," Wayua alisema. "Na mimi nimemtukana moyoni mchana kutwa."

*

Upimaji, yaani kuchagua na kuhesabu maembe, ulifanyika uwanja wa kanisa, maana hapo ndipo lori lingeweza kugeuka. Makreti yalipangwa mstari mpaka chini ya mti wa kengele ya kanisa. Pasta Mutiso alikuwa na hamsini, yamefunikwa kwa turubai. Abu Rashid aliketi kwenye kiti cha plastiki mbali kidogo, peke yake, mkongojo katikati ya magoti. Hakuna aliyemsalimia. Hata chai hakupewa, na hilo katika Ukambani ni tusi ambalo hufanyiwi hata na adui.

Kyule alikuwa anachagua. Kwa Nyamai alimwaga kreti zima chini, akapiga teke maembe.

"Funza. Funza. Hii nayo? Mzee, hii ulichuma ama uliokota?"

"Kijana, hiyo embe haina kitu. Ipasue uone."

"Sina wakati wa kupasua. Nusu, ama rudi nayo."

Mzee Nyamai akainama kuokota, ule mguu wake umefungwa kitambaa, embe moja moja, akizipangusa kwa shati. Abu Rashid aliinuka nusu kwenye kiti akauliza kitu. Kyule akajibu haraka, akizungusha kidole karibu na sikio.

Wayua hakuwa anamtazama Kyule. Alikuwa anatazama uso wa binti yake.

"Amesema nini?" aliuliza kwa sauti ya shambani, ile ya kuita mtu ng'ambo ya bonde.

"Mama Mbula," Nzuki alisema.

"Nimeuliza mtoto wangu. Amesema nini juu ya mzee Nyamai?"

Mstari wote uligeuka. Mbula alimtazama baba yake. Nzuki alitazama viatu vyake, kisha akamtazama mzee Nyamai aliyekuwa bado chini, amepiga magoti kwenye vumbi la uwanja wa kanisa. Midomo ya Nzuki ilicheza. Hakusema ndio. Ila safari hii hakumshika mkono.

"Amesema ni mlevi," Mbula alisema. "Amesema asimjali, huyo mzee ni mlevi na analeta embe za kuokota."

Nyamai, ambaye hajaonja pombe tangu aokoke, alibaki na embe mkononi.

Mbula akatoka kwenye mstari. Hakuanza na bei. Alikwenda akasimama mbali na kile kiti, umbali wa heshima, akaweka kiganja kifuani, akainamisha macho, akasalimu. Akamwita mzee ami, yaani baba mdogo. Akamuuliza afya, akamuuliza safari, akamuuliza watu wa nyumbani kwake, akamwombea, akaitikia, akauliza tena. Salamu zilikuwa ndefu kama za bibi wawili wa Kikamba wakikutana kisimani, na hakuna aliyeelewa hata neno moja, lakini kila mtu alielewa kwamba ni salamu. Abu Rashid alisimama. Mkongojo ulianguka. Macho yake yalijaa maji.

"Anauliza mimi ni binti ya nani," Mbula aliwaambia watu. "Nimemwambia, wa Nzuki na Wayua. Anasema amekaa siku mbili hapa, na sisi ndio watu wa kwanza kumjulia hali."

"Wee msichana, ondoka hapo," Kyule alisema. "Unaharibu biashara ya watu."

"Mwache!" Huyo alikuwa Nyamai. "Mwache aseme."

"Mwaitu," Mbula alimwambia mama yake, lakini alisema ili wanawake wote wasikie, "ule mkono hakuukataa kwa uchafu. Kwao mwanaume hashiki mkono wa mwanamke asiye wake. Anarudi nyuma, anaangalia chini. Ni heshima. Ni kama vile baba anavyotoka njiani akimwona mama yako."

"Aaa!" mwanamke mmoja alishangaa. "Kama muthoni! Kama mkwe!"

"Na sisi tunamwita mwenye majivuno!"

"Mkwe ameketi jua la nje bila chai! Aibu gani hii!"

Mmoja akakimbilia jiko la kanisa kuwasha moto. Wakati huo Mbula alikuwa ameshauliza bei, na mzee akaisema mwenyewe, sentensi moja moja, akingoja Mbula amalize ndipo aendelee. Ishirini na tano. Mtini. Wachumaji ni wake. Makreti ni yake. Na ya kwamba Kyule alimwambia watu wa hapa wanamchukia kwa dini yake, ndiyo maana alikaa mbali asiwaudhi.

Hapo Kyule akaona maji yamemfika shingoni. Akapanda juu ya kreti.

"Sawa! Sawa! Na mmuulize jambo moja. Siku hizi unesi unafundishwa kwa Kiarabu? Ee? Pasta, si mlichanga ya unesi? Nesi gani huyu? Mimi nilisoma hiyo lugha kwa usukani, miaka minane. Yeye ameisoma chuo, kwa pesa yenu, habibi!"

Pasta Mutiso alimtazama Nzuki. Kila mtu alimtazama Nzuki. Kisha pasta akakohoa, akavuta turubai, akasema, "Hayo ni ya kanisa. Yatazungumzwa kanisani. Kwanza tupime."

Wakapima. Ya pasta ndiyo yaliyopimwa ya kwanza, makreti hamsini, kwa ishirini na tano kila embe, na Mbula ndiye aliyemtafsiria. Abu Rashid alikunywa chai vikombe viwili. Alipoondoka aliahidi kurudi mwezi wa pili kwa maembe ya mwisho, bila Kyule.

*

Jumapili watu walijaa. Walivaa viatu vipya. Pasta Mutiso aliomba kwa shukrani kwa ajili ya bei nzuri, akamshukuru Bwana aliyefungua madirisha ya mbinguni. Jina la Mbula halikutajwa.

Lilitajwa baada ya sadaka.

"Ndugu Nzuki na nyumba yake wasimame," alisema pasta. "Mzee wa kanisa alisimama hapa akadanganya madhabahu. Wazee wameketi. Tumeamua anyang'anywe kiti. Atakiri mbele yenu. Na binti ataacha hayo masomo ya dini nyingine, ama mchango wa watakatifu urudishwe wote."

Mtu alisema amina. Alikuwa na shati jipya la pesa za maembe.

Wayua alifungua mdomo aseme, lakini mumewe akasimama kabla yake. Nzuki alienda mbele. Alisimama pale pale aliposimama siku ile ya makofi.

"Ni kweli," alisema. "Nilidanganya. Nilisema unesi. Mtoto wangu alikuwa amepata kitu kizuri na mimi nikakionea haya kama mtu aliyeiba. Nikamfanya aoshe vidonda ambavyo hajui. Mzee Nyamai, nisamehe, ungeweza kukatwa mguu kwa sababu yangu." Akainua kichwa. "Naomba msamaha kwa Mungu. Naomba msamaha kwa huyu binti. Mchango wenu nitarudisha kidogo kidogo, mkinipa nafasi. Lakini hataacha. Jumatatu ya kwanza ya Januari anarudi, hata kama nitauza hiki kiti mnachoninyang'anya."

"Huwezi kuuza kiti cha kanisa," mzee mmoja wa kanisa alisema.

"Basi kikalieni," Wayua alisema.

Hakuna aliyepiga makofi. Wengine walitazama dari, wengine walitazama viatu vyao vipya. Wanawake waliomwita mgeni mkwe siku ile, wakampikia chai, leo walikuwa wamefunika midomo kwa leso kana kwamba hawajawahi kumwona Mbula. Mbula mwenyewe alikuwa amesimama wima katikati ya benchi, Biblia yake mkononi, ile ile aliyopewa alipobatizwa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama bado anaisoma.

Pasta akainua mikono ili afunge kwa maombi.

"Pasta," aliita mzee Nyamai kutoka nyuma. Alisimama kwa shida. "Kabla hujafunga. Yule mzee anarudi mwezi wa pili, na sisi tuna maembe ya mwisho mtini. Mtoto atakuwa Nairobi, ama mmemfukuza, sijui. Nataka kujua tu. Nani ataongea naye?"

Pasta aliwatazama wazee. Wazee walimtazama pasta. Mikono yake ilikuwa bado juu.

Wayua alikuwa ameshamshika binti yake mkono, wanatoka. Aligeuka mlangoni.

"Si mnajua kuomba?" alisema. "Ombeni. Labda Mungu atawatafsiria."